Kistuli Kisicho na Mpira

Sebuleni kwa Mama Verlie Fontenette, pale Toledo, kwenye rafu, katikati ya picha ya marehemu mumewe na jogoo wa kauri, palikuwa na kistuli cha mbao chenye miguu mitatu. Kilichongwa kwa kazi moja tu, kubeba mpira. Mpira wenyewe haukuwapo. Kwa misimu kumi na minne kistuli kile kilibeba kiazi kitamu.

Mama Verlie alikuwa mtu wa Opelousas, Louisiana, na kila Oktoba binamu yake alimpelekea sanduku zima la viazi kutoka huko. Yeye alichambua mpaka apate kimoja chenye tumbo nene na ncha mbili zilizochongoka, akakikalisha juu ya kistuli, na hapo kikatulia hadi sikukuu ya Shukrani ya mwisho wa Novemba, kilipogeuzwa pai na nafasi yake kushikwa na kingine. Mgeni akiuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Ni mahali pa mpira wa mwanangu. Uko njiani."

Njia hiyo ilikuwa ndefu jamani. Siku mwanawe Alcide alipoajiriwa na Wahunzi wa Toledo, timu ya mpira wa Kimarekani, akiwa na miaka ishirini na miwili na kifua kama mlango wa ghala, alisimama mbele ya shangazi zake wote akasema, "Mama, mpira wa kwanza nitakaofunga nakuletea wewe." Desturi ndiyo hiyo: anayefunga, yaani anayeuvusha mpira mstari wa goli akiwa ameushika, huondoka nao. Shangazi wakapiga vigelegele, na wiki hiyo hiyo seremala wa kanisani akapewa kazi ya kistuli. Hakuna aliyemvuta kijana pembeni amwambie kwamba mlinzi wa mstari wa mbele kuahidi kufunga ni sawa na kipa kuahidi mabao.

Maana kazi ya Alcide ilikuwa hivi. Aliinama uso kwa uso na wanaume wawili wenye mapaja kama magogo, akasubiri mpira utikisike, kisha akagongana nao. Basi. Akiwashikilia wote wawili, mwenzake aliye nyuma yake anapita bure, anamwangusha mrushaji wa adui, anacheza ngoma, anapigwa picha. Wakati picha inapigwa Alcide yuko chini, mtu amemkalia shingo. Mcheza ngoma mkuu alikuwa Kip Vandermolen, kijana mwembamba wa Michigan mwenye nywele za kujisuka, ambaye alijulikana mpaka kwenye matangazo ya uji wa nafaka. Alcide alikuwa na pauni mia tatu na arobaini, zaidi ya kilo mia na hamsini, na watu waliompita dukani wakamuuliza kama anafanya kazi ya kuhamisha mizigo.

Mtu mmoja tu katika uwanja mzima alimtazama Alcide, naye ni mama yake. Alihamia Toledo msimu wa pili, baada ya kusikia mwanawe anakula supu ya kopo, na tangu hapo hakukosa mchezo hata mmoja wa nyumbani. Kiti chake kilikuwa safu ya nne, kwenye kona karibu na mstari wa goli, jirani na Bwana Szymanski, mstaafu wa kiwanda cha vioo aliyemletea soseji naye akamletea gambo, ule mchuzi mzito wa bamia. Miaka yote hiyo Bwana Szymanski alimsikia akinong'ona jambo kila mara walinzi walipoanguka rundo. Alidhani ni rozari. Kwa kuwa naye ni Mkatoliki, alinyamaza kwa heshima.

Sheria za mchezo Mama Verlie alizijua kuliko makocha. Mwaka ule wa kwanza Wahunzi walimpa kila mchezaji kitabu cha sheria, na Alcide akakitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Mama yake alikichomoa, akafuta vumbi, akakisoma chote, sura moja kila jioni baada ya Zaburi. Meza ikaendelea kuyumba. Kulikuwa na sheria moja aliyoipenda kupita zote, akawasomea hata wanakwaya.

"Sikilizeni hii. Chuoni, mwenye mpira akianguka, hata kwa kujikwaa mwenyewe, kwisha habari yake. Lakini kwenye mpira wa kulipwa, kama hakuguswa na adui, hajaanguka. Ana ruhusa kuinuka aendelee. Aliyeiandika hii alilelewa vizuri."

Sasa, mtu atasema, katika misimu kumi na minne Alcide hakukutana na mpira hata mara moja? Alikutana nao. Msimu wa pili, mjini Spokane, mpira uliponyoka mikononi mwa adui ukaja kujilaza mbele ya viatu vyake. Sheria ya watu wa uzito wake ni kuulalia, kuukumbatia, na kungoja filimbi. Alcide akakumbuka kistuli. Akainama auokote akimbie nao, goti likawahi kabla ya mkono, akaupiga mpira teke. Ukaruka yadi ishirini ukamwangukia mtu wa Spokane, naye akakimbia akafunga bila hata kusema asante. Wahunzi wakashindwa kwa pointi moja.

Kocha wa mstari wa mbele, Burl Hutchens, mtu wa Texas mwenye sauti ya tarumbeta lenye kutu, hakumtukana. Afadhali angemtukana. Jumatatu alimleta katikati ya uwanja wa mazoezi, akaweka mpira chini, akasema, "Ulalie." Alcide akaulalia. Timu ikafanya mazoezi yote ikimruka.

"Fontenette, asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Kocha Burl alimwambia huku akiwa amechuchumaa karibu na sikio lake. "Mpira ukianguka unafanya nini?"

"Naulalia."

"Huuokoti?"

"Siuokoti, Kocha."

"Hata ukikuita kwa jina?"

"Hata ukiniita kwa jina."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumatano kwa misimu kumi na miwili, Burl alirusha mipira ardhini akipiga kelele "Ulalie!" na Alcide akajitupa. Ilifika mahali neno lile lilimwangusha popote. Mara moja, dukani, mwanamke alikuwa akimbembeleza mtoto na mdoli wake, "Ulalie basi, ulalie," na Alcide akajikuta amepiga magoti kwenye mstari wa malipo, mbele ya jibini.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya msimu, daktari wa timu alitazama picha za magoti yake kwa muda mrefu, akaita daktari mwingine naye atazame, wakacheka kidogo, kisha wakaomba radhi. Ofisi ikamwambia taratibu kwamba Jumapili itakuwa mchezo wake wa mwisho. Wahunzi walikuwa wameshinda mara nne na kushindwa mara kumi na mbili, kwa hiyo hakukuwa na mengine ya kusubiri. Alcide alishukuru, akatoka, akakaa garini mwake dakika kumi bila kuwasha injini. Hakuwaza magoti. Aliwaza kiazi.

Ijumaa, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimwambia Kip peke yake.

"Mjomba, unasema kweli?" Kip aliuliza. Vijana wote wa timu walimwita mjomba. "Yaani Jumapili ndiyo basi?"

"Ndiyo basi. Na kistuli cha mama bado kina kiazi."

Kip alizijua habari za kistuli. Alikwisha kula pai kadhaa zilizotokana nacho. Akamsogelea, akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi nyumbani ninayo mipira kumi na moja. Mmoja mbwa anaulalia. Chukua mmoja, mpe mama, maisha yaendelee."

"Atajua."

"Atajuaje, Mjomba? Mpira ni mpira."

"Mama yangu akishika kiazi anajua kimechimbwa kabla ya mvua au baada ya mvua. Atajua." Alcide akafunga kamba za viatu, kazi iliyomchukua muda na pumzi. "Nikiuona chini Jumapili, nauokota."

"Na Burl?"

"Burl atanifanya nini? Atanifukuza?"

Walicheka wote wawili, lakini Alcide akawa wa kwanza kuacha. Miaka kumi na minne mama yake amewaambia watu mpira uko njiani. Kuna waliomuuliza na kumkonyeza mwenzao, yeye mwenyewe aliwaona, sikukuu ya Shukrani, na pai zake midomoni. Aibu hiyo ilimlemea kuliko wale wanaume wawili wa kila Jumapili.

Asubuhi ya mchezo mama yake alimwekea mayai manane na soseji, akamtazama akila.

"Mama, leo ni leo," alisema Alcide.

"Vaa soksi mbili mbili. Theluji inakuja."

"Nakwambia leo nakuletea mpira."

"Na shingo uifunike, baba. Ulikohoa usiku."

Theluji ilikuja kweli. Kufikia robo ya nne uwanja ulikuwa mweupe, na viti vilikuwa vitupu. Waliobaki ni wenye mapenzi ya dhati na waliopoteza funguo za magari. Wageni walikuwa Spokane, wale wale, wakiongoza kwa pointi kumi na tano. Mbele ya Alcide tangu saa saba mchana aliinama kijana mmoja wao, Oberholtzer, mwenye ndevu zilizoganda barafu na mdomo usioganda.

"Mzee, wajukuu hawajambo?" Oberholtzer aliuliza wakiwa wameinama.

"Hawajambo. Wanakusalimu. Wanasema mguu wako wa kushoto unateleza."

"Nasikia leo unastaafu. Nikusaidie kulala?"

"Nisaidie kuinuka, mwanangu. Kulala najua."

Wakagongana. Wakaanguka. Wakainuka, Alcide mwisho kabisa, goti moja kwanza, kisha la pili, kisha maneno asiyoyatamka mbele ya mama yake. Safu ya nne, Bwana Szymanski alisikia mnong'ono ule ule pembeni yake, akafanya ishara ya msalaba.

Zilibaki dakika tatu. Spokane walikuwa na mpira karibu kabisa na mstari wao wa goli, kwenye kona ile ile ya Mama Verlie, hatua kama saba tu. Walitaka kuumaliza mchezo taratibu waende zao nyumbani. Mrushaji wao aliupokea mpira, akageuka amkabidhi mwenzake, na vidole vikasema hapana kwa baridi. Wakati huo huo Alcide alikuwa amewashikilia wawili wake kama kawaida, Kip akapita kama kawaida, akamvaa mrushaji mbavuni, wakaenda chini wote. Mpira ukadondoka kwenye theluji, ukaruka mara moja, ukaja.

Ulikuja moja kwa moja kwa Alcide. Ukasimama mbele ya kiatu chake cha kulia.

Oberholtzer na mwenzake walikuwa wakizunguka wakiutafuta kwingine. Spokane wengine walikuwa wamerukia rundo la Kip wakidhani uko humo. Mbele ya Alcide hapakuwa na mtu. Palikuwa na theluji, mstari mmoja mweupe ambao wafanyakazi walikuwa wameufagia, na nyuma yake rangi ya bluu ya eneo la goli.

Aliinama. Safari hii alishusha mikono kwanza, magoti yakafuata kwa hiari yao. Akauokota. Ulikuwa mdogo kuliko alivyokumbuka, na baridi. Akaubana ubavuni akaanza kukimbia, kama kukimbia ndilo jina lake. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akasikia moyo wake mwenyewe masikioni, na akaanza kucheka ndani ya kofia yake ya chuma, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akicheka kama aliyeiba embe.

Pembeni mwa uwanja Kocha Burl Hutchens aliona mpira mikononi mwa Alcide. Alichokiona hasa ni Spokane ya miaka kumi na miwili iliyopita. Mdomo wake ukafunguka kabla ya akili kuulizwa.

"ULALIE!"

Na Alcide akaulalia.

Hakuamua. Mwili ulifanya wenyewe, kama kupiga chafya. Jumatano zote zile zilimshika kiunoni zikamtupa chini, tumbo juu ya mpira, mikono imekumbatia, macho yamefumba, ufundi mtupu. Alikuwa amebakiza yadi moja na nusu.

Hapo ndipo uwanja mzima ulipokosea. Kip aliibuka rundoni, akaona mtu wao amelala juu ya mpira, akaanza ngoma yake. Spokane wakashika viuno. Mrushaji wao alikaa kitako akitafuta kiatu. Oberholtzer akatema mate pembeni. Wote walitazama mahali mpira ulipokuwa, na mpira haukuonekana, umefunikwa na pauni mia tatu na arobaini, basi wakahesabu yamekwisha. Mwamuzi peke yake alisimama juu ya Alcide, filimbi mdomoni, mashavu yamejaa hewa, na hakupuliza.

Chini pale Alcide alifumbua jicho moja, akauona mstari. Akajua alichofanya. Machozi yalimlenga, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Miaka kumi na minne, na amekuja kuuweka mpira mlangoni mwa nyumba.

Mama Verlie alikuwa ameshasimama juu ya kiti. Ule mnong'ono ambao Bwana Szymanski aliudhania rozari sasa ulitoka kwa sauti yote, sauti iliyoongoza kwaya miaka arobaini bila kipaza sauti, nayo ikavuka safu tatu tupu na theluji yote ile.

"Inuka, Alcide! Inuka, baba! HUJAGUSWA!"

Alcide akageuza kichwa.

"Hujaguswa na mtu! Nimeona mimi! Inuka!"

Akajaribu. Aliweka goti la kulia, likakataa. Akaweka la kushoto, nalo likasema lenzake limesema yote. Mikono miwili ingemsaidia, ila mikono ilikuwa na mpira, na mpira haachii, mpaka Yesu arudi.

"Magoti, Mama!" alipiga kelele, kama mtoto aliyeitwa kuoga.

"Basi bingirika!"

Alibingirika. Mzunguko wa kwanza ulimfikisha chali, mpira kifuani, theluji ikimwangukia usoni, miguu juu, na hapo akakwama. Alibembea kushoto na kulia akitafuta nguvu ya kuanguka. Oberholtzer sasa alikuwa ameamka. Aliyaelewa maneno ya yule mama polepole, neno moja moja, kisha yote kwa pamoja, akajitupa hewani mikono mbele.

"Bingirika, baba! Kama kwenye majani kwa bibi yako!"

Alcide akavuta pumzi, akalitupa bega, na mlima mzima ukapinduka. Tumbo likavuka mstari, mpira ukavuka chini ya tumbo, na Oberholtzer akatua juu ya mgongo wake akachelewa kwa muda wa kupepesa kope. Mwamuzi alitazama kulia, akatazama kushoto kana kwamba anatafuta shahidi, kisha akainua mikono yote miwili juu.

Walimu wa mchezo huu wana saa zao za kupima kasi. Nasikia kuna aliyepima, na ile yadi moja na nusu ilichukua sekunde kumi na moja. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, hata upwa ukiwa wa theluji.

Spokane walipinga, kwa hiyo waamuzi wakaenda kutazama picha upya. Mwamuzi alimwinamia Alcide, aliyekuwa amekaa kitako golini, amekumbatia.

"Namba tisini na sita, nipe mpira tuendelee na taratibu."

"Upi?"

"Huo."

"Mwamuzi, una mama?"

"Ninaye."

"Basi niache."

Mwamuzi alifikiri, akaenda akachukua mpira mwingine. Dakika nne zilipita. Kisha spika zikakoroma, na sauti ikasema mchezaji wa ulinzi hakuguswa na adui kabla ya kuvuka mstari, amefunga. Watu elfu chache walipiga kelele za watu elfu nyingi. Kip alikuja mbio akataka kumfundisha ngoma pale pale, Alcide akasema, "Ngoma baadaye, niinueni kwanza," na ikawachukua vijana wanne. Kocha Burl alikuwa akiwaambia waandishi pembeni, "Nilimwambia ulalie, kisha bingirika. Ni mbinu ya siku nyingi." Wahunzi walishindwa mchezo kwa pointi nane. Hakuna aliyekumbuka kuhuzunika.

Nyumbani jioni Alcide hakuvua hata koti. Alikiondoa kiazi kwenye kistuli, akaufuta mpira kwa mkono wa sweta, akaukalisha. Ulienea sawasawa. Akarudi nyuma hatua mbili auangalie, na mama yake akaja kutoka jikoni akasimama naye, kichwa chake kikiishia kwenye kiwiko cha mwanawe.

"Haya, Mama. Umefika."

"Umefika. Mzuri." Aliukazia macho. "Kumbe una vipele vipele hivi?"

"Ni ngozi, Mama. Ndivyo ulivyo. Miaka yote hii hujauona?"

"Wa kwenye televisheni nimeuona."

Alcide alicheka. "Lakini leo si uliona ulivyoponyoka? Ulivyoruka ukaja mwenyewe mpaka kwenye kiatu changu?"

"Hapana."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Wewe."

"Najua, lakini kabla ya hapo. Mpira ulipokuwa kwa mrushaji."

"Wewe," alisema Mama Verlie. Alikichukua kiazi mkononi mwa mwanawe, akakipima uzito. "Mpira unatazamwa na watu elfu sitini. Nami nikiutazama, wewe atakutazama nani? Ukianguka, nangoja uinuke. Ukiinuka, napumua. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo pale, miaka yote. Ningejuaje kama umeguswa, ningekuwa nafuata mpira?"

Alcide aliigeukia rafu.

"Na kistuli?" aliuliza. "Si ulikuwa unautaka?"

"Mimi niutakie nini? Hauliwi. Wewe ndiye ulisema utauleta, mbele ya shangazi zako. Ningekiondoa kistuli, ungesema mama amekata tamaa." Akamgonga mkono kwa kiazi, polepole. "Nikaweka viazi ili kisikae bure."

Basi yule mtu ambaye wanaume wawili wawili kwa misimu kumi na minne walishindwa kumtoa machozi, aliketi kwenye sofa la mama yake na kulia kwa sauti, koti likiwa bado mwilini, sofa likilalamika chini yake. Mama Verlie alimngoja. Hakumharakisha. Alikuwa na uzoefu wa kungoja mtu huyu amalize kuwa chini.

Kisha akamwekea kiazi na kisu mapajani.

"Inuka, baba," alisema. "Njoo umenye hiki. Kesho kina kazi nyingine."